Seva imetulia, mbona watazamaji wanalalamika video inakwama?

Swali: Shikamoo dada. Sisi ni vijana watatu wa Nkuhungu, Dodoma. Tunarusha mubashara harusi, sendoff, misiba na mahafali kwenye tovuti yetu wenyewe, kwa sababu familia nyingi hazitaki shughuli zao zimwagwe kwenye mitandao ya kijamii. Jumamosi iliyopita tulirusha harusi na tovuti ikaonyesha watazamaji 1,200. Seva tuliyokodi Ulaya ilikuwa imetulia kabisa: prosesa ilikuwa asilimia 12, na grafu ya mtandao haikuvuka Mbps 310 (megabiti kwa sekunde) wakati bomba letu ni la Mbps 500. Tunatumia Nginx (programu ya seva inayogawa video), vipande vya sekunde 6 vya HLS (njia ya kurusha video ikiwa imekatwa vipande), mkondo mmoja tu wa ubora wa 720p kwa Mbps 2.5. Lakini simu hazikuisha. Mpwapwa wanasema video inazunguka tu, Kondoa wanasema ilianza vizuri kisha ikaganda, Dar wengine wanasema iko safi. Tunaipimaje huduma yetu ili tujue tatizo liko wapi kabla wateja hawajapiga simu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umenirahisishia kazi kwa kuleta namba. Nimekaa nazo na kalamu, na nakuomba usinunue programu yoyote ya ufuatiliaji kabla hatujazisoma pamoja, maana tayari zina mengi.

Tuanze na hiyo 1,200. Mtazamaji mmoja wa mkondo wenu anavuta Mbps 2.5. Watu 1,200 wakitazama kwa wakati mmoja wangevuta Mbps 3,000, mara sita ya bomba lenu. Grafu inasema hamkuvuka 310. Gawanya 310 kwa 2.5, unapata 124. Kwa hiyo dakika ile iliyojaa kuliko zote, mlikuwa mnapeleka video kamili kwa watu 124 hivi, au kwa watu wengi zaidi ambao kila mmoja alikuwa anapata pungufu. Ile 1,200 karibu hakika ni mara ambazo ukurasa ulifunguliwa. Na mtu ambaye video yake imeganda hufanya nini? Anafunga, anafungua tena. Anafanya hivyo mara tano, mara sita. Maana yake ni kwamba huduma inapozidi kuwa mbaya, namba hiyo inazidi kupanda, na nyinyi mkiwa ukumbini mnaiona na kudhani mambo yamenoga.

Jambo la pili lililomo ndani ya namba zako: seva haikuwa na hatia usiku ule. Prosesa asilimia 12 ni kawaida kwa seva inayogawa vipande bila kuvibadilisha ubora. Kazi hiyo haiichoshi. Bomba nalo lilikuwa na nafasi ya Mbps 190. Tatizo lilikuwa kabla ya seva, yaani kati ya kamera na seva, au baada yake, yaani kati ya seva na simu ya mtazamaji. Vipimo vyenu vyote vimesimama katikati, mahali pekee ambapo hapakuwa na tatizo. Ndiyo maana mlikuwa wa mwisho kujua.

Kuna swali moja ninalouliza kila mara nikipigiwa simu kwamba video inakwama: walikwama pamoja, au kila mmoja kwa wakati wake? Kama Mpwapwa, Kondoa na Dar waliganda dakika ile ile, chanzo ndicho kilichokatika na hakuna haja ya kumsumbua mtazamaji yeyote. Kama Dar waliendelea kuona bibi harusi akilishwa keki huku Kondoa wakiangalia duara linazunguka, basi chanzo kilikuwa kizima na tatizo liko upande wa njia ya Kondoa. Kutokana na ulivyoeleza, mlipata ya pili. Lakini harusi inayochukua saa tano ina nafasi ya kutosha kupata yote mawili, na bila kumbukumbu zenye saa na dakika hutajua kamwe.

Tuchukue huyu wa Kondoa, maana maneno yake, "ilianza vizuri kisha ikaganda", yana hesabu ndani yake. Kipande cha sekunde 6 kwa Mbps 2.5 ni megabiti 15, karibu megabaiti 1.9. Tuseme simu yake pale alipo inapata Mbps 2 tu. Kipande kimoja kitamchukua sekunde 7.5 kukivuta, na kinamlisha sekunde 6 tu za video. Kila kipande kinamwacha na deni la sekunde 1.5. HLS humwanzisha mtazamaji akiwa angalau vipande vitatu nyuma ya tukio lenyewe, kwa hiyo ana akiba ya hadi sekunde 18. Gawanya 18 kwa 1.5: vipande 12. Kwa sekunde 7.5 kila kimoja, dakika moja na nusu. Huyo mzee ataona picha safi kwa dakika moja na nusu, atawaita wajukuu waje waone, na hapo ndipo itakapoganda. Kisha itasubiri, itacheza kidogo, itaganda tena, usiku mzima. Hakuna kitu kilichoharibika mahali popote. Mnamlisha kipande kikubwa kuliko mdomo wake.

Na hili mnaweza kuliona leo usiku bila kununua chochote. Nginx inaweza kuandika, kwa kila ombi inalohudumia, muda uliotumika hadi kipande kilipomaliza kutumwa. Kwa kawaida haiandiki; lazima uiongeze kwenye muundo wa kumbukumbu zake. Ukishafanya hivyo, kila mstari wa kipande utakuambia jambo moja: je, kipande cha sekunde 6 kilifika kwa chini ya sekunde 6? Kikitumia sekunde 2, mtazamaji huyo yuko raha. Kikitumia 5.5, yuko ukingoni. Kikitumia 7 au 8 mfululizo, unajua ataganda kabla yeye mwenyewe hajajua. Angalia pia majibu ya 404, yaani "hakipo", kwenye vipande: mtu aliyechelewa sana huja kuomba kipande ambacho orodha ya vipande vilivyopo imeshakiacha na seva imeshakifuta. Zikiwa nyingi, ongeza idadi ya vipande mnavyoviacha kwenye orodha kabla ya kufuta.

Dawa ya Kondoa yenyewe ni kutoa ubora wa ngazi kadhaa, kwa mfano 720p kwa Mbps 2.2, 480p kwa 1, 360p kwa 0.6 na 240p kwa 0.3, ili simu ijichagulie yenyewe. Hapo sasa prosesa itaanza kufanya kazi ya kweli, na ile asilimia 12 itapanda sana, kwa hiyo ndipo itakapokuwa na maana kuitazama. Weka pia mkondo wa sauti peke yake. Kwenye msiba, mtu akisikia mahubiri na nyimbo bila kukatika hukushukuru kuliko yule aliyepewa picha nzuri inayokatika.

Upande wa kabla ya seva nina jeraha langu. Nilirusha sendoff kwenye ukumbi mmoja maeneo ya Makulu. Saa 10 jioni nilipima kasi ya kupandisha kwa modemu yetu nikapata Mbps 8. Nikaridhika, maana tulihitaji 3 tu. Saa 3 usiku binti alipoingia, wageni zaidi ya mia tatu waliinua simu kwa mpigo mmoja, kila mmoja anarekodi na kupandisha hapo hapo kwa ndugu zake. Simu zote zile na modemu yetu zilikuwa zinagombania mnara uleule. Nilikuwa nimesimama karibu na kompyuta. Kile kiraba kidogo chini kwenye OBS Studio, programu inayotuma video kutoka ukumbini kwenda kwenye seva, kilitoka kijani, kikawa njano, kikawa chekundu, na namba ya fremu zilizodondoshwa ikaanza kukimbia. Mama yake mdogo yule binti alikuwa Muscat, ndiye aliyelipia huduma, na dakika pekee aliyokuwa anaisubiri hakuiona. Seva haikulalamika. Iliendelea kugawa kwa uaminifu kile kidogo ilicholetewa.

Tangu siku ile napima upandishaji ukumbi ukiwa umejaa, na nataka angalau mara mbili ya kiwango ninachorusha. Nabeba laini za mitandao miwili tofauti, na mahali penye waya wa faiba naomba waya. Itifaki ya SRT, njia ya kutuma video kutoka ukumbini hadi kwenye seva ambayo imekuwa huria tangu 2017, huvumilia upotevu wa pakiti vizuri kuliko RTMP, njia nyingine ya kazi hiyo hiyo, ijaribuni.

OBS ina dirisha la takwimu, na lina namba tatu ambazo watu huzichanganya. Fremu zilizodondoshwa kwa sababu ya mtandao ni tatizo la modemu au mnara. Fremu zilizorukwa kwa sababu enkoda imechelewa ni kompyuta kuzidiwa na kazi ya kubana video. Zilizokosa kuchorwa ni kadi ya picha kuzidiwa. Kila moja ina dawa yake, na ya moja haiponyi nyingine. Hakikisheni pia fremu kuu, yaani picha kamili isiyotegemea picha nyingine, inatoka kila sekunde 2. Mkiacha enkoda (programu inayobana video) ijiamulie, ile ya x264 inaweza kukaa hadi fremu 250 bila kuitoa, ambazo kwa fremu 25 kwa sekunde ni sekunde 10, na kwa kuwa kipande hukatwa kwenye fremu kuu, vipande vyenu "vya sekunde 6" vitakuwa vya 10 bila nyinyi kujua.

Kengele moja tu naisisitiza kuliko zote: umri wa kipande kipya kabisa kwenye seva. Zikipita sekunde 15 bila kipande kipya kuandikwa, simu ya mmoja wenu iite. Iite kweli, isiwe barua pepe. Na mwenye simu hiyo asiwe ameshika kamera.

Sasa kuhesabu watu. Msihesabu anwani za IP. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo nyumba ishirini za Kongwa zinaweza kuonekana kama mtu mmoja. Na mtu mmoja akitoka kwenye WiFi ya ofisini Mtumba akapanda daladala huku anatazama kwa bando, ataonekana kama watu wawili. Ukurasa wenu, unapofunguliwa, ujitengenezee namba ya nasibu na kuitunza, ili hata mtu akifungua upya abaki na namba yake. Kisha kila sekunde 30 utume pigo kwa seva, kama pigo la moyo: namba hiyo, je, video inasonga au imesimama, sekunde ngapi imeganda tangu pigo lililopita, na iko kwenye ubora upi. Kivinjari chenyewe hutoa taarifa video inapoishiwa data na inapoanza tena, hata kwenye iPhone ambako Safari hucheza HLS bila msaada wa programu yoyote ya ziada.

Hapo "wanaotazama sasa" inapata maana: namba tofauti zilizotuma pigo ndani ya sekunde 90 zilizopita huku video ikisonga. Muda wa kutazama ni mapigo hayo mara sekunde 30. Na mkimpa mteja ripoti, mpeni hizo, pamoja na kilele na saa ya kilele. Watu waliojazana sebuleni mbele ya simu moja iliyounganishwa na televisheni hutawahesabu kamwe, na mteja mwambieni hivyo wazi.

Kuna mtego hapa ulionigharimu muda mrefu kuugundua. Simu ambayo mtandao wake umekufa haiwezi kutuma pigo. Kwa hiyo dakika ambayo hali ni mbaya zaidi, mnaosikia kutoka kwao ni wazima tu, na dashibodi inapendeza. Ukurasa utunze mapigo yaliyoshindwa na kuyatuma mtandao ukirudi. Na saa ya kutegemewa kwenye mapigo ya kawaida iwe ya seva, kwani saa za simu za watu hupishana. Kwa yale yaliyocheleweshwa, ukurasa useme kila pigo lilikaa sekunde ngapi kabla ya kutumwa.

Msiniletee wastani. Chukua watazamaji 100: 90 video yao ilianza kwa sekunde 2, 10 walisubiri sekunde 20. Wastani ni sekunde 3.8, namba inayovumilika, na haimwelezi mtu hata mmoja kati yao. Wapange wote kuanzia wa haraka hadi wa mwisho, kisha umwangalie wa 95. Yeye atakuambia sekunde 20, na huyo ndiye wa Mpwapwa anayepiga simu. Fanyeni hivyo kwa kila mtandao wa simu peke yake, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, na kwa wilaya mkiweza kuijua. Tatizo la mnara mmoja huyeyuka kabisa ndani ya jumla.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni sehemu ya muda ambao video ilikuwa imeganda. Mwaka 2012 watafiti S. Shunmuga Krishnan na Ramesh Sitaraman walichambua utazamaji milioni 23 kwenye mtandao wa Akamai, kampuni inayosambaza video na tovuti. Waliona watu huanza kuondoka kama video haijaanza ndani ya sekunde 2, na kila sekunde ya ziada huongeza wanaoondoka kwa asilimia 5.8. Waliona pia kwamba mtu aliyegandiwa kwa asilimia 1 tu ya urefu wa video alitazama pungufu kwa asilimia 5. Hiyo asilimia 1, kwa shughuli ya saa 4, ni sekunde 144. Watazamaji wenu, hata hivyo, si wa filamu. Shangazi hawezi kuondoka kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake kwa sababu imeganda. Atavumilia, ataumia, atapiga simu. Kwa hiyo msitulie kwa kuona hakuna aliyeondoka. Tazameni muda wa kuganda.

Wanaoondoka ghafla nao wachunguzeni kwa jicho la bando. Mbps 2.5 kwa saa moja ni megabaiti 1,125. Mwenye GB 1 hamalizi saa. Mkiona mtu ametazama dakika hamsini bila kuganda hata mara moja kisha mapigo yakakoma bila kuaga, huyo huenda hakuchoka, bando limekata. Kwa Mbps 0.5 angetumia megabaiti 225 kwa saa. Wekeni kitufe cha "okoa bando" mahali panapoonekana, na kiandikeni hivyo hivyo.

Kuchelewa kupimeni kwa mkono. Elekeza kamera kwenye saa ya simu inayoonyesha sekunde, weka kando yake simu nyingine inayotazama mkondo, kisha piga picha zote mbili kwa simu ya tatu. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo jibu. Kwa vipande vya sekunde 6 msishangae kuona 20 au zaidi.

Kuhusu seva kuwa Ulaya: mwezi Mei 2024 nyaya za baharini zinazohudumia pwani yetu zilipokatika, wengi waliokuwa na seva ng'ambo wangeweza kuona seva nzima, chanzo kizima, na watazamaji wamepungua. Wengi wa wateja wenu wako ndani ya nchi. Kodini hata seva ndogo Dar es Salaam, ambako mitandao ya nchini hukutana kubadilishana data bila kupitia baharini, iwe ndiyo ya kuwagawia wa hapa, na ya Ulaya ibaki kwa walioko nje.

Mkifika hatua ya kuchora grafu, Prometheus ya kukusanya na Grafana ya kuchora zinatosha na ni za bure. Lakini namba ya kila mtazamaji msiifanye lebo ndani ya Prometheus; kila namba mpya huzaa mfululizo mpya wa takwimu, na RAM ya seva itajaa katikati ya shughuli. Mapigo yawekeni kwenye hifadhidata ya kawaida, Prometheus ipewe jumla tu. Na kwa kuwa familia zimewaamini kwa ajili ya faragha, msiunganishe namba hizo na majina wala namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inawahusu nyinyi pia. Mimi hufuta mapigo ghafi baada ya siku 30 na kubaki na jumla.

Kwa Jumamosi ijayo msijaribu yote. Iambieni Nginx iandike kwenye kumbukumbu zake muda wa kuhudumia kila kipande, wekeni ile kengele ya sekunde 15, na mkondo wa pili wa 360p. Kisha mtafuteni ndugu mmoja Mpwapwa na mmoja Kondoa mwenye simu ya kawaida, si ya bei kubwa, mumnunulie bando, na mumwombe afungue mkondo tangu mwanzo na kuandika kwenye karatasi saa na dakika kila unapoganda. Jumapili asubuhi zilazeni karatasi zao kando ya kumbukumbu za Nginx na takwimu za OBS, mstari kwa mstari. Mkikuta dakika ambayo karatasi zote mbili zimeandika kuganda, angalieni OBS kwanza.